Moto si dawa ya kila sumu ya vita

Mhariri,

Kila inapotokea habari ya udongo au maji yaliyoharibiwa na sumu za vita, hakosi mtu wa kuuliza: si wachome tu yaishe? Kauli hiyohiyo tunaisikia hapa nchini likikutwa pipa la viuatilifu vilivyoisha muda nyuma ya ghala. Tunaomba nafasi tueleze kwa nini moto ulifaa Vietnam, ukaacha balaa Ufaransa, na kwa nini moto wa jalalani haufanani na wowote kati ya hiyo miwili.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, eneo la Verdun, Ufaransa, lilibaki na shehena ya makombora ya kemikali. Mengine yalikuwa na chupa ya kioo iliyojaa sumu ya arseniki, imezungukwa na baruti. Mwaka 1928 makombora zaidi ya 200,000 yalipelekwa mahali pamoja msituni, yakachomwa. Sumu ya vita iliungua, kweli. Lakini arseniki ni elementi, kama chuma kilivyo elementi; moto huigeuza sura tu, haiwezi kuteketea. Ilirudi chini pamoja na majivu. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2007 vilikuta sampuli za udongo zenye arseniki zaidi ya asilimia 17 kwa uzito, yaani gramu 170 na zaidi katika kilo moja. Zinki, shaba na risasi zimo pia. Katikati ya eneo hilo pana kipara mpaka leo, isipokuwa nyasi za aina moja hapa na pale na vimea vinavyotanda chini kama zulia. Na anayedhani maji ya mahali kama hapo yatafaa yakichemshwa, ajue kwamba maji hupungua, arseniki inabaki. Ni kama mchuzi unaokaukia jikoni: chumvi inazidi kukolea.

Vietnam kisa ni kingine. Kuanzia 1961 hadi 1971 jeshi la Marekani lilimwaga mamilioni ya lita za dawa za kuua majani, maarufu zaidi Agent Orange, iliyopewa jina kwa mstari wa rangi ya machungwa kwenye mapipa yake ya lita 208. Dioksini, sumu kali iliyokuwamo, haikuwa kiungo cha dawa hiyo. Ilikuwa uchafu uliojitengeneza kiwandani wakati wa kupika kiungo chake kimoja, kemikali iitwayo 2,4,5-T, hasa joto lilipoachwa kupanda mno. Juu ya majani, jua liliivunja sehemu kubwa. Iliyozama udongoni ndiyo inayodumu kwa miongo. Ndiyo maana pabaya kuliko pote si misitu iliyonyunyiziwa bali viwanja vya ndege ambako mapipa yalihifadhiwa, dawa ikachanganywa na kumwagika: Da Nang, Bien Hoa na Phu Cat.

Pale Da Nang, penye kuchanganyia dawa, udongo ulipimwa ukakutwa na dioksini hadi sehemu 365,000 kwa trilioni. Kiwango kilichowekwa kwa udongo huo kilikuwa 1,000, ambacho ni sawa na gramu moja tu ya dioksini katika tani 1,000 za udongo. Mvua ilisomba tope hadi ziwa la Sen, kando ya uwanja, walikokuwa wakivua samaki na kulima yungiyungi. Watu wengi hukosea hapa. Dioksini karibu haiyeyuki kwenye maji. Hung'ang'ania tope na kuingia kwenye mafuta ya viumbe. Maji yanaweza kuonekana safi, hata yakipimwa yakawa na kidogo sana, huku mafuta ya tumboni mwa perege wanaochokora tope hilohilo yakiwa yamejaa sumu. Kwa hiyo pima tope na samaki, usiishie kwenye maji. Kukwangua magamba na kukaanga hakusaidii kitu.

Usafishaji wenyewe ulianza mwaka 2012 na kukamilika 2018. Udongo na tope vilichimbwa, vikarundikwa ndani ya boma la zege lenye ukubwa wa kiwanja cha mpira, likafunikwa juu, kisha vikachomekwa vyuma vya kupashia joto vinavyofika kama nyuzi 750. Lengo lilikuwa rundo zima lifike angalau nyuzi 335, hata pembeni ambako joto hupotea. Dioksini si elementi kama arseniki, hivyo humo nyingi huvunjika. Inayogeuka mvuke hufyonzwa kwa mabomba, hupozwa na kunaswa kwenye mkaa maalumu. Adui mkubwa ni unyevu: udongo uliolowa hukwama karibu na nyuzi 100 mpaka maji yote yatoke, na umeme unaendelea kuliwa. Meta za ujazo kama 90,000 zilisafishwa hivyo. Bien Hoa zilizochafuka ni takriban 500,000.

Sasa linganisha na moto wa jalalani. Plastiki yenye klorini, nyaya za shaba na viuatilifu vikiungua kwa moto wa kawaida, moshi unapopoa kati ya nyuzi 450 na 200 hutengeneza dioksini mpya. Tanuri la taka za aina hiyo linatakiwa lishikilie gesi zaidi ya nyuzi 1,100 kwa sekunde mbili, kisha zipozwe ghafla. Pipa lililokatwa nusu haliwezi.

Kwa mwenye pipa linalovuja: usilichome, usilifukie, usilimwage. Vaa glavu za mpira na buti. Liweke zima ndani ya pipa kubwa zaidi, nyonya kilichomwagika kwa mchanga mkavu au pumba za mbao, kisha kwangua udongo uliobadilika rangi au harufu, sentimita 10 kwa kuanzia, uutie nao kwenye chombo chenye mfuniko. Andika kilichomo, weka kivulini juu ya sakafu, mbali na kisima, uwaarifu TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu) au NEMC (baraza la mazingira). Lebo ikiwa bado inasomeka, ipige picha kabla hujagusa chochote, maana aina ya sumu ndiyo itakayoamua kama tanuri linafaa au halifai.

Wafuatiliaji wa kemia ya udongo na maji,
Morogoro