Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: kipepeo wetu wa Taita na ile ishu ya lokeshoni

Wanachama wenzangu wa chama chetu cha kupiga picha, habari zenu. Shughuli za mwaka mnazijua, hata ambao hamkuja mliziona kwenye grupu, tuliingia misitu ya Ngangao na Chawia, tukapanda msitu wa Mbololo, watoto wa shule tukawafundisha kamera pale Wundanyi, basi hayo siyarudii.

La maana ni kwamba Cymothoe teita tumempata na tumempiga picha, dume na jike. Kwa wanachama wapya, huyu ni kipepeo ambaye dunia nzima anaishi kwenye misitu ya Taita peke yake, na misitu yenyewe imebaki vipande vipande juu ya milima, katikati ya mashamba ya mahindi na mikaratusi. Ngangao yote ni kama hekta 120 tu. Dume ana rangi ya krimu, jua likitoboa ukungu saa nne saa tano hivi unamwona anateleza kwenye uwazi wa miti halafu anatua juu ya jani, huyo hasumbui sana. Jike ndio kazi, rangi yake ni nzito na anakaa chini kwenye kivuli, unaweza kumpita hapo hapo usimwone. Mimi ndio nilishikilia toka mwanzo kwamba tuache kuzurura njia kuu, tutafute kwanza miti ya Rawsonia manake ndio viwavi wake wanakula, na tuweke ndizi zilizooza kama chambo. Wako waliopinga. Picha za jike zimetoka hapo kwenye miti, wala sio njiani.

Sasa nije kwa hili la lokeshoni, najua ndio limewakera wengi. Ni kweli niliamua picha zote za jike zipostiwe bila kuonyesha mahali zilipopigwa, na nikamwambia katibu aziondoe kwenye grupu zile zilizokuwa zimeshapostiwa na data za mahali ambazo simu huweka ndani ya picha. Nimeambiwa nimejifanya mwenye msitu, nimeambiwa nazuia vijana wa Wundanyi wasipate wageni wa kuwatembeza. Jamani. Kwamba kipepeo yuko Taita kila mtu anajua, hiyo sio siri, lakini kutaja msitu ni jambo moja na kumpeleka mtu mpaka kwenye mti ni jambo lingine kabisa. Simu ikiwa imewashwa GPS, picha inabeba namba za mahali mpaka mita chache, na vipepeo adimu waliokaushwa wananunuliwa nje huko. Mti mmoja ukijulikana, hata asije mwizi, waje tu wapiga picha kumi kumi kila wikendi kukata matawi ili mwanga uingie na kukanyaga miche chini, huyo jike atataga wapi? Msitu wa hekta elfu unaweza kuvumilia hayo, wetu hauwezi. Na sio mimi niliyebuni, hata iNaturalist, ule mtandao watu wanakopeleka picha za viumbe walivyoviona, inaficha mahali pa viumbe walio hatarini. Watafiti wenye kibali wakiomba data tutawapa, nilishasema na narudia. Vijana wa kutembeza wageni watapata kazi vizuri zaidi kama mgeni hawezi kufika bila wao, hilo nashangaa halionekani. Nimeumizwa na maneno niliyoandikiwa, ila uamuzi nasimama nao.

Na hao wanaolalamika mkutano wa kujadili jambo hilo hilo hawakuja! Tuko wanachama 46, mkutano ukakosa akidi, tukakaa wachache tunatazamana mpaka saa nane. Sasa ningeamua na nani? Ada ni shilingi 1,500 kwa mwaka mzima, waliolipa ni 19. Ukijumlisha na michango zimeingia 41,000, zimetoka 38,500, yaani matatu, chakula, waongozaji wa msituni na kukodi lenzi ya makro, ile ya kupiga vitu vidogo kwa karibu, risiti anazo mweka hazina. Siku nyingine nimejaza pengo la nauli kwa mfuko wangu na sijadai. Inauma kuona mtu anatumia picha za chama kwenye profaili yake na ada hajalipa toka ajiunge.

Mwaka ujao, Mungu akijalia, tunatarajia kupata lenzi yetu wenyewe, kuotesha miche ya Rawsonia pembeni mwa msitu kama wahusika wa misitu watakubali, na kumtafuta pia yule mweusi mwenye mkanda wa buluu, Papilio desmondi teita, ambaye naye ni wa huku tu. Tukipata wafadhili itakuwa vizuri, mazungumzo yapo. Ada zilipwe kwa M-Pesa ya mweka hazina, na anayetaka kupinga hili la lokeshoni aje mkutanoni aseme mbele ya wenzake.

Ahsanteni,
Mwenyekiti