Makundi yapokee programu zote, kreki zibaki nje

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu sheria inayoanza kuota mizizi katika makundi ya mtandaoni ya watu wanaosaidiana mambo ya programu.

Nina steshenari maeneo ya Mafiga, hapa Morogoro. Wateja wangu wengi ni wanafunzi wa SUA, chuo kikuu cha kilimo cha hapa, kwa hiyo kinachonilisha ni tasnifu na ripoti za mafunzo kwa vitendo, na msimu wa harusi ukifika, kadi na mabango. Kundi nililomo limekuwa msaada mkubwa: printa ikigoma usiku unauliza, asubuhi jibu lipo. Sasa wasimamizi wametangaza kwamba humo zitazungumzwa programu huria peke yake, yaani zile ambazo msimbo wake, maandishi yanayoiunda programu, uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha. Anayetaja programu ya kampuni, yaani ile ambayo msimbo wake umefungwa na leseni yake inauzwa, ujumbe wake unafutwa, akirudia anatolewa. Wa kwanza kuonja alikuwa dada mmoja aliyeuliza jinsi ya kupanga rangi kwenye CorelDRAW, programu ya kampuni ya kuchorea mabango, kabla ya kupeleka bango kwa mwenye mashine kubwa. Alifutwa hata hajajibiwa. Wenzake wakahama kwa hasira, wakafungua kundi lao, na huko nako ukitaja Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, unachekwa mpaka unyamaze. Tangazo lenyewe la kupiga marufuku programu za kufungwa liliandikwa WhatsApp, ambayo nayo ni ya kufungwa, na sikuona aliyelishtukia hilo.

Mimi natumia za aina zote mbili. Kompyuta ya kaunta ina Linux Mint na LibreOffice, programu huria ya kuandikia, maana ndiyo inayochomekwa flashi za kila mtu, na vile virusi vinavyogeuza mafolda kuwa njia za mkato haviiwezi. Ya nyuma ina Windows na Word yenye leseni. Kinachotusumbua ni hiki: mwanafunzi ameandika ripoti kwa Word, herufi ni Calibri. Akija kaunta, LibreOffice haina Calibri kwa kuwa fonti hiyo ni mali ya Microsoft, basi inaokota nyingine iliyo pana zaidi. Jedwali linarukia ukurasa wa pili, picha inaachana na maelezo yake, na orodha ya yaliyomo inasema sura ya nne iko ukurasa wa 31 wakati imeshasukumwa hadi wa 33. Mwanafunzi anaamini nimemharibia kazi, na mwalimu wake anamngoja saa nane. Dawa ni fonti mbili huria, Carlito na Caladea, zilizochongwa kwa upana uleule wa herufi za Calibri na Cambria. Ukiziweka, mistari inakatika palepale ilipokatikia kwenye Word. Aliyenielekeza dawa hiyo ni mwanakundi anayeshinda na Word kutwa, ofisini kwao hawana kingine. Kwa sheria ya sasa mtu huyo angekaa kimya, na mimi ningeendelea kugombana na wanafunzi.

Sisemi wakereketwa wa programu huria hawana hoja. Wanayo, tena nzito. Kuanzia mwaka 2002 watengenezaji wa Linux walitunza msimbo wao kwa BitKeeper, programu ya kampuni waliyoruhusiwa kuitumia bila malipo. Mwaka 2005 ukazuka mzozo, kampuni ikaondoa ruhusa, wakabaki bila chombo cha kazi. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akaketi akaandika Git, chombo huria cha kutunzia msimbo, na leo hata kampuni zinazofunga msimbo wao zinaitumia. Yeyote aliyewahi kuamka akakuta programu aliyoizoea imegeuka ya kulipia kila mwezi anaielewa hofu hiyo.

Ila kuna visa ambavyo wakereketwa hawavisimulii. Blender, ambayo vijana wetu wanatengenezea katuni, ilikuwa ya kufungwa. Kampuni yake ilipokufa mwaka 2002, Ton Roosendaal aliyeibuni aliwaendea wawekezaji waachie msimbo, bei ikawa yuro 100,000. Watu wakachangishana, fedha zikatimia ndani ya wiki saba, na Oktoba mwaka huohuo ikatolewa kwa leseni huria ya GPL. Wengi wa waliochanga walikuwa ni watu walioizoea ikiwa bado imefungwa. Wangekuwa wanafukuzwa kila wanapoitaja, sijui nani angetoa hata senti.

Na Debian je? Ni mfumo wa kompyuta uliojengwa juu ya Linux, na ni katika miradi inayosifika kwa msimamo mkali. Mkataba wake wa mwaka 1997 uliahidi kubaki huria asilimia mia. Kwa miaka mingi ulikuwa unaweka Debian kwenye laptopu ya mtumba, ikimaliza unakuta Wi-Fi haionekani, kwa sababu kadi ya Wi-Fi inadai kipande cha programu kilichofungwa na kampuni iliyoitengeneza. Na kipande chenyewe unakipata wapi? Kwenye intaneti. Mwaka 2022 wanachama walipiga kura wakakubali vipande hivyo viwemo kwenye kisakinishi rasmi, na toleo la 12, Juni 2023, likatoka navyo. Hawakuvichanganya kimyakimya. Vimewekwa sehemu yake, mtumiaji anaambiwa, na asiyevitaka ana njia ya kuvizima. Wasimamizi wetu, ambao nina hakika hawajaandika hata robo ya msimbo walioandika watu wa Debian, wameamua kuwapita kwa ukali.

Nije kwenye jambo ambalo kambi zote mbili zinalinyamazia, nalo ni kreki, yaani programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli la leseni ili itumike bila kulipiwa. Tusidanganyane, Mhariri. Mitaani kwetu nyingi ya programu tunazoziita za kampuni hazijalipiwa na mtu. Zimechakachuliwa kama dizeli iliyotiwa mafuta ya taa, na zinapita mkono kwa mkono kwa flashi na viungo vya Telegram. Ukifungua folda yake unakuta faili dogo la maelekezo, na sharti la kwanza ni lilelile: zima antivairasi kwanza. Mtu mzima anasoma hivyo, anazima, anaendelea. Mchapaji jirani yangu alifanya hivyo ili apate programu ya kuhariri picha. Haukupita muda, kila faili la wateja likawa limeota mkia wa ajabu mwishoni mwa jina, halifunguki, na ndani ya kila folda kuna barua ya Kiingereza inayodai Bitcoin. Picha za harusi za watu zikapotea hivyohivyo. Mama mmoja wa bwana harusi alikuwa akija pale kibarazani kila Jumamosi kuulizia albamu.

Sasa yule dada wa CorelDRAW hakuacha kuihitaji eti kwa sababu ujumbe wake umefutwa. Mwenye mashine anataka faili la namna hiyo, na bango lina tarehe. Atakachofanya ni kumfuata kijana pembeni, atumiwe kreki. Kundini angeweza kuelezwa leseni halali inapatikanaje, na kwamba Inkscape, programu huria ya kuchorea, hufungua baadhi ya faili za CorelDRAW kwa msaada wa maktaba iitwayo libcdr. Angeambiwa pia ukweli kwamba si zote zinafunguka sawasawa, na kwamba Inkscape bado ni dhaifu kwenye rangi za CMYK ambazo mashine za uchapaji zinazitaka. Ukweli huu wa mwisho ndio unaokosekana mahali ambapo wote mmekubaliana kusifia kitu kimoja.

Wazee wenzangu wa kompyuta watakumbuka Jambo OpenOffice, ile ya Kiswahili iliyotoka mwaka 2004 kwa kazi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Uswidi. Haukupita muda mrefu Microsoft nayo ikaleta Kiswahili kwenye Windows na Office. Aliyefaidi ni mwandishi wa Kiswahili, awe amelipa au hajalipa.

Ninachowaomba wasimamizi ni hiki: mpokeeni kila mtu, ila kila programu inayoletwa kundini ije na maelezo yake. Leseni yake ni ipi. Bure hiyo ni ya kudumu au ni ya majaribio. Faili nikilihifadhi humo, kesho naweza kulifungua kwenye programu nyingine? Taarifa zangu zinakwenda kwa nani? Duka la programu za simu la F-Droid, lililoanzishwa mwaka 2010, hupokea programu huria tu, lakini hata hizo huziwekea alama ya tahadhari kama zinamfuatilia mtumiaji au zinategemea huduma iliyofungwa. Wanajua msimbo kuwa wazi hakutoshi. Kreki nayo isipewe onyo wala nafasi ya pili: anayeileta atolewe siku hiyohiyo, kwa kuwa anahatarisha mashine za watu na kazi za watu.

Wapo watakaosema kundi la programu huria lina haki ya kubaki hivyo. Ni kweli, wanaoandika msimbo pamoja wana haki ya kujiwekea mipaka ya wanachokiandika. Lakini letu halikuanzishwa kuandika chochote. Lilianzishwa ili mtu ambaye printa yake imegoma asaidiwe, na printa nyingi tulizonazo zinaendeshwa na programu ya kampuni, upende usipende.

Nanyi gazetini msijitoe. Ukurasa wenu wa teknolojia ukisifia programu, andikeni hayohayo niliyowaomba wasimamizi. Juzijuzi mlisifia moja ya kupamba picha, mkasahau kusema kwamba ni siku saba za kwanza tu ndizo za bure. Wateja wangu wawili wamekuja na simu zao wakitaka niwaonyeshe pa kusitisha makato, na mmoja ameshakatwa.

Mchapaji,
Mafiga, Morogoro