Barua ya wazi kwa Waziri wa Katiba na Sheria: kiwanda kimefilisiwa, chai bado inaota

Mheshimiwa Waziri,

Kamwene, kwa salamu ya kwetu Mufindi. Mimi ni mkulima mdogo wa chai, ekari mbili na nusu, na katibu wa kikundi chetu. Nakuandikia wewe kwa sababu jaji haandikiwi barua kuhusu kesi, na kusema kweli sina la kumlaumu. Aliletewa ombi, akaonyeshwa kwamba kampuni yenye kiwanda kinachonunua majani yetu haiwezi kulipa madeni yake, hakuna aliyesimama kupinga, akaamuru ifilisiwe, yaani ifungwe na mali zake ziuzwe kulipa wanaoidai. Kinachonisumbua ni hapo pa “hakuna aliyesimama”.

Tuliikuta amri kwenye geti la kiwanda siku ya 41 tangu itolewe. Karatasi mbili kwa Kiingereza, zimegongwa muhuri, zimebandikwa kwa gundi ya ugali. Ulikuwa msimu wa mvua, na ukungu wa huku unaujua. Mwalimu wa sekondari alipofika saa nne kutusomea, wino wa ukurasa wa pili ulikuwa umeshachuruzika hadi kwenye mnyororo. Mlinzi, ambaye naye anadai mishahara, alitufungulia kidirisha akasema, “Mama, nimeambiwa nisiingize hata gunia moja.” Nyuma yangu palikuwa na magunia kumi na saba ya majani yaliyochumwa alfajiri ile. Hadi jioni yalikuwa yamepata moto ndani kwa ndani, ukitia mkono unautoa haraka. Tuliyamwaga mtaroni.

Wanasema ombi lilitangazwa kwenye Gazeti la Serikali na kwenye gazeti la kawaida, kama kanuni zinavyotaka. Sibishi. Ila gazeti likifika huku ni la kufungia vitumbua.

Nimejifunza mengi mwezi huu ambayo ningependa nisiyajue. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 ina njia nyingine kabla ya kufilisi: mdai, yaani anayeidai kampuni, anaweza kuiomba mahakama iweke kampuni chini ya msimamizi, ili biashara iendelee huku madeni yakipangwa upya. Kwa kiwanda cha chai njia hiyo ina maana kubwa kuliko kwa duka la mabati. Mabati yanasubiri mnada. Chai haisubiri. Jani likichumwa lazima lifike kiwandani siku hiyohiyo, na mti usipochumwa kwa wiki chache unapanda juu, ile meza ya kuchumia, yaani usawa wa juu tunaochumia, inapotea, inabidi ukate upya na kukaa miezi bila kipato. Mfilisi, yule anayeuza mali za kampuni, akishapata mnunuzi wa mashine, atakuta mashine zipo na chai ya kuzilisha haipo. Sijui kama kuna aliyemwambia jaji hivyo. Sisi tungemwambia, na mlango huo wa msimamizi hufungwa amri ya ufilisi ikishatoka.

Wakili tuliyemfuata Iringa mjini alitueleza tulipo sasa. Rufaa ni ya waliokuwa kwenye kesi, na sisi hatukuwemo. Asiyekuwemo njia yake ni mapitio, yaani kuiomba Mahakama ya Rufani iukague uamuzi, na anayo siku 60 tu tangu uamuzi utolewe. Ukizidisha, uanze kwanza kuomba kuongezewa muda na kueleza kila siku iliyopotea. Njia ya pili ni kurudi Mahakama Kuu kama wadai na kuomba ufilisi usitishwe, jambo ambalo sheria inaliruhusu hata baada ya amri, mradi tuithibitishie mahakama kwamba inafaa usimame. Alitutajia na gharama zake. Mzee mmoja wa kikundi akauliza kama wakili anapokea mahindi, tukacheka, lakini hakuwa anatania.

Sasa kuna hili la mbolea, ndilo lililonitoa usingizini. Kampuni ilikuwa inatukopesha mbolea ya NPK na kukata kidogokidogo kwenye malipo ya majani. Wiki iliyopita wakulima wa kikundi chetu tumeandikiwa barua na mfilisi, kila mmoja ya kwake: lipa deni la mbolea ndani ya siku 14, la sivyo utashtakiwa. Mimi nadaiwa mifuko minne. Kampuni hiyohiyo inadaiwa na mimi kilo 1,260 za majani mabichi, stakabadhi za mizani ninazo zote kwenye kopo la biskuti. Kwa deni langu nimepewa fomu ya Kiingereza nijaze, kisha nisubiri nyuma ya benki yenye dhamana, nyuma ya gharama za ufilisi, nyuma ya kodi na mishahara. (Mishahara itangulie, wale vijana wa kiwandani wameteseka kuliko sisi.) Kwa deni lao nimepewa siku 14. Wakili anasema sheria za ufilisi zinatambua kukata deni kwa deni pale pande mbili zilipokuwa zinadaiana kabla ya kufilisiwa. Kama ni hivyo, barua zile zilipaswa kuanza na hesabu ya pande zote mbili. Kuna mjane hapa kijijini ameshauza mbuzi wawili akalipa mbolea, na yeye ndiye anayeidai kampuni kuliko mimi.

Mheshimiwa, mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Nililisikia redioni nikiwa shambani na nikafurahi. Ninachokuomba hakihitaji sheria mpya kubwa. Ni kanuni za ufilisi kuguswa kidogo. Ombi la kufilisi kampuni inayonunua mazao ya wakulima litangazwe kwa Kiswahili, libandikwe ofisi za vijiji inakonunua na kwenye vituo vya mizani, na lisomwe mkutano wa kijiji kabla ya tarehe ya kusikilizwa, siyo baada. Mtendaji wetu anabandika hadi tangazo la mbuzi aliyepotea. Na fomu ya mdai iwe ya Kiswahili, ijazwe hapahapa kijijini. Mfilisi ni ofisa wa mahakama, kwa hiyo naamini kuna namna ya kumwelekeza asidai mbolea kabla hajahesabu majani.

Hayo ya kanuni yatawafaa wengine, wa parachichi Njombe au wa pareto. Kwetu muda ni mfupi zaidi. Leo ni siku ya 53. Michango yetu imefikia nusu ya alichotaja wakili, na Jumamosi tunakutana tena chini ya mkaratusi wa kituo cha mizani. Ukituma mtu kutoka ofisi yako, atukute hapo saa tatu asubuhi. Stakabadhi zitakuwa mezani.

Wako mtiifu,
Katibu wa kikundi cha wakulima wadogo wa chai,
Mufindi, Iringa