Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Wimbo nao ni somo la kusoma

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu. Nimeamua kukuandikia hadharani kwa sababu jambo hili si langu peke yangu: walimu wengi tunaimba katika kipindi cha kusoma, na tunaimba kwa kuibia, jicho moja mlangoni.

Muhula uliopita mkaguzi alipita nje ya darasa langu akasikia watoto wanaimba na kupiga makofi. Hakuingia. Ripoti ilipokuja, niliandikiwa kwamba kipindi cha kusoma nimekigeuza burudani. Sina kinyongo naye, maana sauti aliisikia kweli. Ila angeingia angekuta karatasi ya manila imebandikwa ubaoni, maneno ya wimbo yameandikwa kwa herufi kubwa, na mtoto ameshika kijiti anagusa kila neno linapoimbwa. Hicho kijiti ndicho kinachotenganisha burudani na somo.

Mwenye kijiti siku ile alikuwa mvulana wa miaka 11, aliyekwisha kurudia darasa. Herufi zote anazijua. Lakini mpe neno kama "kimeanguka": atatamka ki, atatamka me, atafika a, atasita, kisha atarudi mwanzo kujikusanya upya. Akimaliza sentensi, kilichosemwa mwanzoni kimeshamtoka. Huyu si mjinga wala si mvivu. Nguvu zake zote zinaishia kwenye kutamka, na za kuelewa hazibaki.

Nikawatungia wimbo mfupi, kila kipande mizani nane:

Kikombe kimeanguka,
mezani pa mama yangu,
maji yote yamwagika.

Ushairi mkubwa haumo humo, naomba radhi kwa malenga. Kilichomo ni makofi nane kwa kila mstari, kofi moja kwa silabi moja. Mtoto aliyekuwa akisimama mbele ya n, g na u kama mtu aliyefika njia panda, sasa anasikia kwamba zile herufi tatu zina kofi moja tu: ngu. Mdundo nao haumruhusu kurudi nyuma. Wenzake wanasonga, naye anasonga. Washairi wetu wamehesabu mizani karne na karne. Kumbe walituachia njia ya kufundishia silabi, nasi tumeiachia somo la fasihi.

Sasa nikiri kosa langu. Wiki ya kwanza nilifurahi mapema. Mvulana yule "alisoma" wimbo wote bila kukwama, nikadhani tumevuka. Nikakata neno moja la katikati kwa mkasi, nikamwonyesha peke yake. Akalitazama, akaanza kuimba kimoyomoyo toka mstari wa kwanza ili alifikie. Alikuwa ameukariri wimbo, hajausoma hata kidogo. Mkaguzi wangu angenikamata hapo, ningenyamaza.

Tangu hapo kila wimbo naugeuza mara watoto wakishauzoea. Asubuhi wanakuta ubaoni "Kikombe kimevunjika". Mizani ni ile ile, mwanzo ni kime, mwisho ni ka. Kilichobadilika kiko tumboni mwa neno. Anayeimba kwa kichwa huimba kimeanguka na kusonga mbele. Anayesoma husimama, hucheka, hunyoosha kidole. Mara ya kwanza mvulana yule aliposema, "Mwalimu, umekosea hapa," nilitoka nje kidogo kujifuta macho.

Hili la sauti kwenda pamoja na maandishi sikulizua mimi. Mwaka 1983, Lynette Bradley na Peter Bryant, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, walichapisha utafiti wao katika jarida la Nature. Watoto 65 waligawanywa makundi manne, na matatu kati yake yakafundishwa kwa vipindi 40 katika miaka miwili. Waliofundishwa kupanga maneno yanayofanana sauti, huku wakishika herufi za plastiki mkononi, waliwapita kusoma hata wale waliofundishwa sauti peke yake. Naye S. Jay Samuels, mtaalamu wa kusoma wa Marekani, alieleza mwaka 1979 faida ya kurudia kifungu kifupi kile kile mpaka ulimi ulainike. Mwambie mtoto arudie ukurasa mara tano, atanuna. Mwambie arudie kiitikio, ataomba cha sita.

Muziki si dawa ya kila kitu. Asiyeona vizuri ubaoni apimwe macho kwanza. Herufi na sauti zake lazima zifundishwe kwa mpangilio, kwa wimbo au pasipo wimbo. Lakini kuna jambo linaniuma: Usha Goswami, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, na wenzake wameonyesha kwamba watoto wengi wenye disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kujifunza kusoma, hupata taabu kuushika mdundo wenyewe. Ndio hao wanaopiga makofi nje ya wakati, na ndio tunaowaambia wanyamaze wasituharibie wimbo.

Basi ninachoomba, Mheshimiwa, ni waraka wako mmoja useme wazi kwamba kuimba maandishi yakiwa mbele ya macho ni kusoma, na kwamba ruhusa hiyo isiishie kwa watoto wa awali. Mwanafunzi wa miaka 13 anayekwama hataki wimbo wa vidole na vipepeo. Atataka wimbo wa rika lake, na yuko tayari kuuandika mwenyewe daftarini, ambako tutauona na kuusahihisha.

Lipo na la runinga. Nchini India, mtafiti Brij Kothari alipata wazo mwaka 1996 la kuweka maneno ya nyimbo za filamu chini ya picha, kwa lugha ile ile inayoimbwa, yakibadilika rangi kadiri mwimbaji anavyokwenda. Mwaka 1999 yakaanza kuonekana katika runinga ya jimbo la Gujarat. Mtazamaji hakuitwa darasani; alikaa kwake akifuata wimbo anaoupenda, na jicho likashuka lenyewe kwenye maneno. Zungumza na mwenzako wa habari. Nyimbo tayari zinapigwa kila siku, zimekosa maandishi tu.

Na mkaguzi atakapokuja tena, mwambie aingie. Asubiri ubeti uishe, kisha amwite mtoto yeyote amtakaye, afunike mistari yote kwa kiganja, amwachie neno moja la katikati.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa darasa la tatu