Chapisheni vipimo pamoja na picha za mazoezi

Mhariri,

Ukurasa wenu wa afya na nyumba una mazoea ya kuchota mazoezi mtandaoni: picha tatu nne, kichwa cha habari chenye ahadi nono, basi. Hatuna ugomvi na mtandao. Humo mna mazoezi mengi mazuri ya kufanyia nyumbani, tena bure, na anayeshinda ndani akilea, akifanya kazi kwenye kompyuta au akiuguza mtu anayahitaji kuliko mwenye nafasi ya kwenda kwenye ukumbi wa mazoezi. Shida tunayoiona sisi tunaofundisha mazoezi ya viungo ni kwamba zoezi linapohama kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine hudondosha njiani yale yanayolifanya lifae: urefu wa kiti, idadi ya marudio, muda wa kupumzika, na nani asilifanye.

Chukueni yale yanayoitwa mazoezi ya dakika saba. Yalitoka mwaka 2013 katika makala ya Brett Klika na Chris Jordan kwenye jarida la American College of Sports Medicine. Walipanga mazoezi 12, kila moja sekunde 30, na sekunde 10 za kuhamia linalofuata. Vifaa ni kiti na ukuta. Walieleza pia kwamba ugumu ufike kama 8 katika kipimo cha 10, yaani kazi inayokera kweli, na kwamba mzunguko unaweza kurudiwa mara mbili au tatu. Programu nyingi za simu zilibaki na saa ya kuhesabu sekunde, hayo mengine zikayaacha. Ndiyo maana mtu hurusharusha mikono dakika saba, pumzi haijabadilika, akahesabu kuwa siku imekamilika.

Hatua 10,000 nazo zina asili yake. Mwaka 1965 kampuni ya Yamasa ya Japani iliuza kipima hatua kilichobeba namba hiyo katika jina lake. Ilikuwa namba ya kuuzia bidhaa. Utafiti wa I-Min Lee na wenzake uliochapishwa mwaka 2019, uliofuatilia wanawake wa Marekani wenye wastani wa umri wa miaka 72, ulikuta kwamba waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikufa wachache kuliko waliotembea 2,700, na tofauti hiyo ikaacha kuongezeka karibu na 7,500. Ni utafiti wa kufuatilia watu, kwa hiyo hauthibitishi kuwa hatua zenyewe ndizo sababu pekee. Hata hivyo unatosha kumwambia bibi anayetembea hatua 3,000 kwamba hajashindwa, na kwamba nyongeza ya 1,000 ina maana. Kwa mwendo wa hatua 100 kwa dakika, hiyo ni dakika 10 tu.

Simu yenyewe isiaminiwe kupita kiasi. Ndani yake mna kihisi cha mtikisiko: ikiachwa mezani wakati unadeki, inaandika sifuri. Saa ya mkononi hupoteza hatua unaposukuma kigari cha mtoto au kubeba ndoo, kwa sababu mkono haupungi. Gari likipita barabara mbovu laweza kukuzawadia hatua usizopiga. Tumia kifaa kilekile, kiwe mahali palepale mwilini, ulinganishe wiki yako na wiki yako iliyopita. Kulinganisha na jirani hakuna faida.

Sasa kiti. Kama gazeti lingechapisha zoezi moja tu mwaka mzima, tungependekeza kuinuka na kuketi, kwa kuwa ndiyo nguvu inayomtoa mtu kitandani, chooni na garini. Picha za mtandaoni huonyesha mtu amekaa, kisha amesimama. Kazi yote iko katikati.

Kiti kiwe kigumu, bila magurudumu, urefu wa sentimita 43 hadi 45 kutoka sakafuni, mgongo wake ukigusa ukuta. Sofa haifai: hudidimia, nyonga zikashuka chini ya magoti, na mtu akalazimika kujirusha ili atoke. Kaa nusu ya mbele ya kiti. Nyayo zote zikanyage, upana wa nyonga, kisha zivute nyuma mpaka visigino viwe nyuma kidogo ya magoti. Hapo ndipo wengi hukosea. Miguu ikiwa mbele mno, uzito wa mwili unabaki nyuma ya nyayo na huwezi kusimama bila kujirusha. Wengine hurudi kitini kwa kishindo wakadhani magoti yao mabovu, kumbe ni mpangilio wa miguu. Vusha mikono kifuani. Inamia mbele kuanzia nyongani, mgongo ukiwa umenyooka, mpaka pua iwe juu ya vidole vya miguu. Toa pumzi, simama, nyoosha nyonga kabisa. Tulia kidogo. Kisha shuka ukihesabu mpaka tatu, hasa sehemu ya mwisho ambayo watu hujibwaga. Msuli wa paja hufanya kazi kubwa unapozuia mwili usianguke. Anayejibwaga ameitupa nusu ya zoezi.

Marudio 8 hadi 12, pumzika dakika moja au mbili, rudia seti ya pili. Siku mbili au tatu kwa wiki zisizofuatana. Ukimaliza marudio 12 na unahisi ungeweza mengine manne, ongeza ugumu badala ya kuongeza idadi tu: shuka kwa kuhesabu tano, baadaye kumbatia chupa za maji (lita moja ni kilo moja, hakuna haja ya kununua vyuma), baadaye rudisha mguu mmoja nyuma zaidi ya mwenzake. Ukishindwa hata marudio matano, weka mto mgumu unaopandisha kiti sentimita tano hadi kumi, au sukuma mapaja kwa viganja, na upunguze msaada huo wiki baada ya wiki.

Magoti yakikimbiliana ndani wakati wa kuinuka, mara nyingi misuli ya pembeni ya nyonga ni dhaifu au nyayo zimekaribiana mno. Tanua miguu kidogo, goti lifuate uelekeo wa kidole cha pili cha mguu. Maumivu ya misuli yanayokuja siku moja hadi tatu baadaye ni ya kawaida. Maumivu makali ndani ya kiungo si ya kawaida, na dawa yake ya kwanza ni kupunguza kina, yaani kupandisha kiti. Anayetumia dawa za shinikizo la damu akae tuli kidogo baada ya kusimama kabla ya kurudia, kwa sababu kichwa chaweza kuzunguka. Na asibane pumzi: kubana pumzi wakati wa kusukuma mzigo hupandisha shinikizo ghafla.

Zoezi hilohilo ni kipimo. Kiti cha sentimita 43, mikono kifuani, hesabu unainuka kikamilifu mara ngapi kwa sekunde 30. Kwa kigezo kinachotumiwa Marekani kukagua hatari ya kuanguka, mwanamke wa miaka 60 hadi 64 akipata chini ya 12, au mwanamume chini ya 14, nguvu za miguu ziko chini ya wastani. Aliyetumia mikono anaandikiwa sifuri. Ni kipimo kikali, lakini hakidanganyi.

Pushapu za ukutani hazihitaji maneno mengi. Simama urefu wa mkono kutoka ukutani, viganja kimo cha mabega, viwiko visitanuke kabisa pembeni bali vielekee chini kwa mshazari, mwili unyooke kutoka kisigino hadi kichwa. Usivae soksi kwenye sakafu laini. Ukizoea, hamia kwenye meza nzito iliyosukumwa ukutani. Tunasema iliyosukumwa ukutani kwa sababu meza nyepesi hukimbia.

Kupanda kidaraja cha sentimita 15 hadi 20 kunamfaa asiye na ngazi. Unyayo mzima uwe juu ya kidaraja, kisigino kisining'inie, na mguu wa chini usisukume. Ukisukuma, mguu wa juu umepanda bure.

Kazi za nyumbani nazo zina thamani yake, ila si zote sawa. Wataalamu hupima nguvu ya shughuli kwa kipimo cha MET, ambapo 1 ni mwili uliotulia. Kupiga pasi ni karibu 1.8, kwa hiyo huhesabika kama kazi nyepesi hata kama umesimama nusu siku. Kiwango cha wastani huanzia 3: kutembea kwa haraka, kufagia kwa nguvu na kusugua sakafu vinafika hapo. Kupanda ngazi huanzia 4 polepole na huzidi 8 ukikaza mwendo. Asiyetaka namba apime kwa mdomo: ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, uko kwenye wastani, ukiweza maneno machache tu, umefika kwenye kazi kali.

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za kazi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za kazi kali, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Wenye miaka 65 na kuendelea waongeze mazoezi mbalimbali yenye kusisitiza nguvu na kusimama imara, siku tatu au zaidi kwa wiki. Mwongozo wa 2010 ulidai kila kipande kifike angalau dakika 10. Wa 2020 uliliondoa sharti hilo. Kwa mtu wa nyumbani hilo ndilo badiliko kubwa kuliko video yoyote. Dakika tatu za ngazi, nne za kufagia na tano za kwenda dukani kwa mwendo wa haraka zinajumlishwa.

Ila kazi ifanywe vizuri. Mpini wa fagio au wa kudekia ufike kati ya kwapa na kidevu. Ukiwa mfupi, kiuno kinalipa. Hamisha miguu badala ya kuzungusha mgongo, badilisha mkono wa mbele kila chumba. Maji ya lita 10 yagawe kwenye ndoo mbili za lita tano, moja kila upande, utembee kwa hatua fupi mabega yakiwa sawa. Hapo umefanya zoezi ambalo kwenye kumbi za mazoezi hufanywa kwa vyuma.

Kwa anayekaa muda mrefu, utafiti mdogo wa Keith Diaz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia, wa mwaka 2023, ulipata kuwa kutembea polepole dakika tano kila nusu saa kulipunguza kupanda kwa sukari baada ya kula na kushusha shinikizo la damu. Washiriki walikuwa 11, kwa hiyo ni dalili nzuri, si amri. Kengele ya simu ya kukukumbusha kuinuka huzimwa ndani ya wiki. Kinachodumu ni kufunga mwendo kwenye jambo lisilokwepeka: kila simu inayopigwa ipokewe ukitembea, glasi ya maji iwe ndogo ili ujazo uishe upesi, chaja ikae chumba kingine. Kusimama tu mezani hakutoshi: tofauti ya nishati kati ya kusimama na kukaa ni ndogo mno, karibu kilokalori 0.15 kwa dakika, na kusimama tuli saa nyingi huchosha miguu na mishipa yake.

Kuna pia lile la kuinua visigino ukiwa umekaa, lililoenea baada ya utafiti wa Chuo Kikuu cha Houston wa 2022. Maabarani washiriki waliongozwa kwa vifaa vya kupima msuli wa nyuma ya mguu, wakafanya kwa saa kadhaa. Mtandaoni likawa "yeyusha tumbo ukiwa kitini". Kuhusu tumbo, hakuna zoezi linalochagua mafuta ya sehemu moja, na video inayoahidi hivyo ifungwe hapohapo.

Ombi letu ni kisanduku kidogo kando ya kila zoezi mnalochapisha. Kwa lile la kiti kingesomeka hivi. Kifaa: kiti kigumu cha sentimita 43 hadi 45, kimeegemea ukuta. Kiasi: seti 2 za marudio 8 hadi 12, kushuka kwa sekunde tatu, mapumziko dakika moja hadi mbili. Rahisisha: mto mgumu juu ya kiti. Kosa kubwa: miguu mbele mno. Acha na umwone daktari: maumivu au mbano kifuani, pumzi kukatika isivyo kawaida, kuzimia au kukaribia kuzimia. Asianze bila ushauri: aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa nyonga au goti, na mwenye ugonjwa wa moyo usiodhibitiwa.

Wakufunzi wa mazoezi ya viungo