Stigmata haikustahili sifa mlizoipa

Ndugu Mhariri,

Katika ukurasa wenu wa filamu mliwashauri wasomaji waitazame Stigmata, filamu ya Kimarekani ya mwaka 1999 kuhusu stigmata, yaani madonda ya Kristo yanayomtokea mtu mwilini, mkaieleza kuwa kazi ya kutisha inayomfikirisha muumini. Nimeitazama hadi mwisho, na kwa heshima naomba nafasi ya kuupinga ushauri huo.

Mwanzo wake, nakiri, unavutia. Frankie Paige, msusi wa Pittsburgh asiye na dini, anatumiwa na mama yake rozari iliyoibwa kwenye maiti ya padre nchini Brazili, na haupiti muda mrefu kabla vifundo vya mikono yake havijatobolewa, akiwa bafuni, na kitu kisichoonekana. Patricia Arquette anaigiza hofu hiyo vizuri sana, hasa pale mgongo wake unapochanwa kwa mijeledi ndani ya treni, mbele ya watu. Hapo mtazamaji anajiuliza swali zito: kwa nini madonda ya Kristo yamwangukie mtu asiyesali?

Mwongozaji, Rupert Wainwright, analikwepa swali hilo. Tunaelezwa tu kwamba Frankie amepandwa na roho ya yule padre marehemu, na kuanzia hapo madonda matakatifu yanakuwa sawa na pepo wa kupungwa. Fransisko wa Asizi aliyapata mwaka 1224 katika mlima wa La Verna, akiwa katika mfungo na sala, miaka miwili kabla ya kufa kwake. Maisha yake yote yalikuwa yameelekea huko. Kwa Frankie hayaelekei popote, wala hayambadilishi.

Linalonisikitisha zaidi ni kwamba mgongano kati ya Kanisa na mwenye madonda, ambao filamu inautafuta kwa nguvu, umekwisha kutokea kweli. Padre Pio, mtawa Mkapuchini wa Italia aliyetokwa na madonda mwaka 1918, alitiliwa shaka na Roma yenyewe hadi mwaka 1931 akazuiwa kuadhimisha misa mbele ya watu, akatii, akarudishiwa ruhusa mwaka 1933, na mwaka 2002 akatangazwa mtakatifu. Utii wa namna hiyo, wa mtu anayevuja damu huku wakubwa wake wakimshuku, ungetosha kubeba filamu nzima. Sisi tumepewa kardinali anayemkaba koo mwanamke mgonjwa ili kuficha maandishi yanayodaiwa kuwa maneno ya Yesu mwenyewe.

Na maandishi hayo ndiyo yaliyonifanya niandike. Maneno ya mwisho kwenye skrini yanaitaja Injili ya Tomaso, iliyopatikana Nag Hammadi, Misri, mwaka 1945, kwa namna inayomwachia mtazamaji dhana kwamba Vatikani inaificha. Haijafichwa. Ni mkusanyo wa misemo 114 katika Kikopti, uliochapishwa pamoja na tafsiri tangu mwaka 1959, na yeyote anaweza kuusoma. Akiusoma, atakuta kweli msemo ambao Yesu anasema ukipasua kuni au ukiinua jiwe utamkuta hapo, lakini hatakuta popote kwamba ufalme wa Mungu haumo katika majengo ya mbao na mawe. Hayo yameongezwa na filamu, kisha yakawekwa kinywani mwa Yesu.

Naomba mlieleze jambo hili katika ukurasa uleule mlioisifia filamu hiyo, kwa kuwa wapo vijana wanaotoka kuitazama wakiamini wamejifunza historia ya Kanisa.

Wenu,
Mwalimu wa dini, Moshi