Redio za magari ya wagonjwa: tuanze na mlingoti

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme na halmashauri na hospitali zinazofikiria kufunga redio za upepo kwenye magari ya wagonjwa. Fedha yote isiishie kwenye redio zenyewe. Redio nzuri hukaa miaka mingi bila kuharibika. Kinachoangusha mawasiliano ni antena, kebo, betri, na chumba kisicho na msikilizaji.

Wapo watakaouliza redio ya nini wakati kila dereva ana simu. Simu iendelee. Namba 115 ya m-mama, inayoitia usafiri wajawazito na watoto wachanga, ni ya simu na ina kazi yake. Lakini simu huunganisha wawili. Basi likipinduka na magari manne ya wagonjwa yakaelekea huko, yote yatapiga namba moja ya hospitali, na matatu yataambiwa inatumika. Kwenye redio mmoja anasema, wote wanasikia kwa mara moja, na gari la mwisho linajua majeruhi wangapi wamebaki kabla halijafika. Jirani zetu walishalijaribu jambo hili: mradi wa RESCUER ulioanza 1996 huko Iganga, Uganda, uliweka redio za VHF, yaani za masafa ya juu sana, vituoni na kwenye magari, na wakunga wa jadi wakapewa za mkononi.

Sasa mlingoti. Mawimbi ya VHF husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kimo ndicho kinachoamua umbali. Antena ya hospitali ikiwa mita 10 juu na ya gari mita 2, kwenye tambarare zinaonana kwa kilomita 19 hivi. Ukiipandisha ya hospitali hadi mita 30, zinaonana kwa kilomita 28. Kununua redio ya wati 50 badala ya 25 hakutakupa nyongeza ya namna hiyo. Utakula betri tu. Penye milima kama Uluguru au Usambara, hata mlingoti mrefu hautoshi, inatakiwa ripita kileleni, yaani mtambo unaopokea mawimbi na kuyarusha tena.

Kebo ndiyo inayotuuma zaidi, kwa sababu hasara yake haionekani kwa macho. Kebo nyembamba ya RG-58 inafaa ndani ya gari, mita nne au tano. Ukiipandisha mita 40 mlingotini, kati ya wati 25 zinazotoka redioni, antena inapata kama 4. Kebo nene ya nusu inchi, kwa urefu huohuo, inafikisha kama 19. Halafu kuna maji: konekta ya juu isipofungwa kwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe, mvua huingia na kuteremka ndani ya kebo hadi mezani. Mita ya SWR, inayoonyesha nguvu inayorudishwa na antena, inapasa kusoma 1.5 au chini. Ikifika 3, robo ya nguvu inarudi redioni badala ya kwenda hewani.

Kwenye gari, antena ya robo wimbi ina urefu wa nusu mita hivi, na mahali pake ni katikati ya paa la bati, mbali na taa za king'ora. Paa likiwa la fiba, liwekewe bati kwa ndani, nusu mita kila upande wa antena. Umeme uvutwe moja kwa moja kutoka betri ya gari kupitia fyuzi, si kwenye tundu la kuwashia sigara. Hospitalini, betri ya ampea-saa 100 yenye chaja yake hubeba redio ya wati 25 zaidi ya siku nzima umeme ukikatika, na hapo hujaitumia zaidi ya nusu.

Kuna tatizo moja ambalo mafundi wengi huhangaika nalo bure: gari linasikia kila kitu lakini halisikiki. Kabla ya kufungua redio, angalieni toni, yaani mlio mdogo unaorushwa pamoja na maneno bila kusikika. Ripita nyingi hazifunguki bila toni maalumu kutoka kwenye gari, na redio mpya mara nyingi huja bila kuwekewa. Tatizo jingine ni maikrofoni iliyoangukia kati ya viti, kitufe kikabanwa, na wilaya nzima ikanyamazishwa na gari moja. Kila redio iwekewe kikomo cha kurusha cha sekunde 60. Pia kila redio iwe na chaneli ya ana kwa ana isiyopita kwenye ripita, maana ripita ikizima, wote wanazima nayo. Masafa yote yawe na kibali cha TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Bila hivyo mtajikuta mnagongana na walinzi wa kampuni fulani katikati ya rufaa.

Redio ya hospitali ikae idara ya dharura, karibu na muuguzi wa zamu. Ikiwekwa ofisi ya utawala, saa kumi jioni mlango unafungwa na redio inabaki inaongea na viti. Muuguzi na dereva wafundishwe kubonyeza, kuhesabu sekunde moja, ndipo waseme. Anayewahi, neno lake la kwanza linakatwa, na mara nyingi neno hilo ndilo jina la anayeitwa. Ujumbe uwe mfupi: umri, jinsia, tatizo, presha, mapigo, oksijeni, alichopewa, dakika zilizobaki, kinachohitajika mlangoni. Hospitali irudie tarakimu zote. Jina la mgonjwa lisitajwe kamwe, wala hali yake ya VVU, kwa sababu yeyote mwenye redio ya masafa hayo anasikia.

Mwisho, kwa wanaosaini hati za malipo: msikubali jaribio la getini. Gari lipelekwe njia yote ya rufaa hadi kituo cha afya cha mbali kabisa, lisimame kila kilomita tano, liite hospitali na kuandika linasikika vipi. Lirudie usiku likiwa na muuguzi wa zamu upande wa pili. Sehemu zisizoshika zichorwe kwenye ramani, na fungu la mwisho la fedha lisitoke kabla mkandarasi hajazishughulikia.

Mafundi wa mawasiliano ya redio,
Morogoro